Ala ya Kisu na Ngozi za Thika

Watu wengi wakisikia Thika hufikiria mananasi. Fundi mmoja wa ngozi, mzaliwa wa Ruiru, hufikiria harufu: ngozi mbichi zilizotiwa chumvi zikipita juu ya malori. Bulleys Tanneries na Leather Industries of Kenya ni majina anayoyajua kila mshona viatu wa upande ule, na ala za visu anazoshona zimefuata mkondo wa ngozi hizo.

Ala ya Guka wake, yaani babu yake, haikutoka kiwandani. Ilikuwa njora ya simi: mbao mbili nyembamba zilizochongwa kufuata umbo la upanga, zikavikwa ngozi mbichi ya ng'ombe na kushonwa ingali na unyevu. Ilipokauka ilijikaza yenyewe, kisha ikapakwa rangi nyekundu. Wamasai hutengeneza zao vivyo hivyo hadi leo. Serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari Oktoba 1952, simi kiunoni mwa Mkikuyu ilitosha kumtia mashakani. Guka akaificha ya kwake.

Kilichofuata kilitoka kwenye mti. Miwati, ambayo Wakikuyu huiita mũthanduku, ililetwa kutoka Australia, na kufikia miaka ya 1930 magome yake yalikuwa zao la fedha Mkoa wa Kati. Thika palikuwa na kiwanda cha kukamua dawa yake ya kulainishia ngozi. Ngozi ya miwati hutoka ya kahawia, nzito na tiifu. Ndiyo fundi huyo, akiwa kijana, aliyofunzwa nayo na mzee mmoja mshona viatu karibu na steji ya Ruiru, wakati wateja walikuwa wachinjaji na vibarua wa mashamba ya kahawa wenye visu vya kupogolea.

Mzee aliloweka ngozi katika maji ya uvuguvugu, akakifunga kisu kwa nailoni, akaikunja ngozi juu yake na kuibonyeza kwa vidole mpaka umbo la mpini likatokea. Ikakaa kivulini hadi ikauke. Kati ya kingo mbili alipachika ukanda mwembamba wa ngozi ili makali yakutane nao, si na uzi. Kisha msharasi, na sindano mbili kwenye uzi mmoja uliopakwa nta, kila tundu likipitiwa kutoka pande zote mbili. Mshono wa namna hiyo ukikatika mahali pamoja, kwingine haufumuki. Cherehani haiwezi hilo.

Miaka ya 1990 soko likafunguliwa, viatu vya mitumba vikafurika, na viwanda kadhaa vya ngozi nchini vikafungwa. Vilivyobaki vilitegemea zaidi kromu, kemikali inayomaliza kazi kwa muda mfupi zaidi kuliko magome na kuiacha ngozi na rangi ya buluu. Kwa kiatu ni sawa kabisa. Kwa ala ni hasara: ngozi hulegea kama soksi, haishiki umbo, na chumvi zake zinaweza kukitia kisu kutu. Lakini vipande vya mabaki vilikuwa rahisi, na mafundi wakavinunua.

Barabara ya Thika ilipokamilika mwaka 2012 kwa njia nane, mashamba ya kahawa ya Ruiru yalikuwa tayari yanageuka ploti, na Tatu City ikijengwa juu ya baadhi yake. Wapogoaji wakapungua. Wanaoagiza ala sasa ni wachoma nyama na wapanda milima wa Nairobi. Hulipa kwa M-Pesa, mzigo ukapelekwa na matatu, na wengi husisitiza ngozi ya miwati. Fundi huitafuta kwa shida, na bei yake huionyesha.

Ukienda kununua, usidanganywe na rangi ya juu. Tazama ukingo uliokatwa: ukiona ubuluu au kijivu katikati, hiyo ni kromu. Na hata ala ikiwa nzuri namna gani, kisu usikilaze ndani yake kwa miezi. Kifute, kipake mafuta, ukiweke nje ya ala.