Darubini Zilizozama: Portopalo na Baikal

Portopalo, ncha ya kusini-mashariki ya Sicily. Anayekuja kutafuta darubini huku ataondoka na picha za mashua na majengo ya zamani ya uvuvi wa jodari. ARCA, chombo cha kunasa nyutrino cha mradi wa KM3NeT, kiko kilomita 80 hivi baharini, kina cha mita 3,450. Kuongeza mstari mmoja wa vihisi hutaka meli, bahari tulivu na roboti ya kuchomeka plagi gizani. Mstari hushushwa umeviringishwa, kisha hujikunjua wenyewe ukipanda mamia ya mita.

Baikal, Siberia, mwezi Machi. Darubini ya aina hiyo imo ziwani, lakini meli haina kazi hapa; barafu ndiyo sitaha. Malori yanapita juu ya ziwa, mafundi wanakata matundu na kushusha mistari kwa winchi, na pwani unaiona kwa macho, kilomita nne tu. Kihisi kikiharibika, majira ya baridi yajayo huvutwa juu kikatengenezwa. Ila kabla barafu haijavunjika lazima wote wawe wameondoka.

Wa Sicily na wa Baikal wote wanavizia kitu kimoja: nyutrino. Kwa kawaida chembe hiyo hupenya dunia nzima bila kugusa chochote. Kwa nadra sana moja hugonga kiini cha atomi, ikazaa chembe iitwayo myuoni, nayo huacha mwako wa buluu majini. Wazo la kutumia ziwa au bahari alilitoa Moisey Markov mwaka 1960. Chumvi ya Mediterania inasumbua: potasiamu-40 iliyomo haiachi kumetameta, na viumbe vya vilindini navyo vinawaka. Maji matamu ya Baikal hayana kero hiyo ya chumvi, lakini humeza mwanga upesi zaidi.

Ningekuwa fundi, ningeomba kazi Baikal. Lakini bahati ilienda Sicily. Tarehe 13 Februari 2023 ARCA, ikiwa na mistari 21 kati ya 230 iliyopangwa, ilinasa nyutrino ya petaelektrovolti 220 hivi. IceCube, darubini ya nyutrino ya Ncha ya Kusini yenye vihisi 5,160 barafuni, ilikuwa haijaona ya ukubwa huo. Nyutrino hiyo ilikuja karibu kwa ulalo, na ndivyo ilivyopasa: kwa nguvu hiyo, inayotokea upande wa pili wa dunia humezwa njiani. Kwenye kipande cha anga ilikotoka wanasayansi wamehesabu galaksi 17 zinazodhaniwa kuwa za aina ya blaza, na hawajathubutu kuinyooshea kidole hata moja.