Kazi Zilizo Nyuma ya Ukuta

Muulize mwanafunzi wa kidato cha pili wa Makorora au Chumbageni anataka kuwa nani, hatasita: daktari, rubani, mwanasheria, injinia. Siku hizi wapo wanaosema mchezaji mpira, ila hao hupunguza sauti mama akiwa karibu. Mpwa wangu yuko kundi la marubani, na anakusudia wa ndege. Kutoka kwao hadi lango la bandari ya Tanga anakwenda kwa miguu. Meli kubwa ikitaka kuingia ghuba ile, rubani wa bandari huifuata kwa boti, akapanda ngazi ya kamba ubavuni mwake ingali inatembea, akamkuta nahodha kwenye usukani na kumwongoza mpaka gatini. Ni kazi ya masomo, ya bahari na ya heshima kubwa, na kijana anayeishi karibu nayo kiasi hicho hakuwahi kusikia kwamba ipo. Nilipomwambia kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mjomba, huyo naye anavaa sare?"

Mimi naendesha folklifti katika ghala la bandari ya Hamburg, kwa hiyo mambo ya gatini siyasemi kwa kusimuliwa. Binti yangu yuko darasa la tisa huku, na umri wake na wa mpwa wangu umepishana miezi tu. Kwa sababu hiyo nyumba zetu mbili zimekuwa na mjadala mmoja mwaka mzima.

Shule za Ujerumani humtoa mtoto darasani kwa wiki mbili au tatu, akiwa darasa la nane au la tisa, akakae mahali pa kazi. Si safari ya kutembezwa na kupiga picha. Nafasi anaitafuta mwenyewe na barua ya maombi anaiandika mwenyewe. Akipata duka la mikate ataamka alfajiri na wenye mikate. Anaporudi shuleni ana daftari la kusahihishwa: saa tatu ulikuwa unafanya nini, ulishika chombo gani, nani alikusimamia, kipi kilikuchosha. Binti yangu aliomba hospitali akakosa, akaangukia duka la miwani. Daftari lake lina ukurasa mzima juu ya mashine inayosaga kioo mpaka kiingie kwenye fremu bila kulegea, na jinsi fundi anavyokipapasa ukingo kwa kidole gumba kabla ya kukipitisha. Juu ya wateja aliandika mstari mmoja: "Wateja wanachosha." Mama yake alikasirika. Mimi nikaona ada ya shule imerudi, ingawa shule yenyewe ni ya bure. Ana miaka 14 na ameshajua kwamba mikono yake inapenda vipimo vidogo na kwamba kaunta si mahali pake. Mimi jambo la aina hiyo nililijua nikiwa na thelathini na kitu.

Wana pia siku moja ya kila mwaka, tangu 2001, ambayo wasichana hupelekwa kwenye karakana na maabara zilizojaa wanaume, na tangu 2011 wavulana wana yao ya kwenda kwenye chekechea na nyumba za wazee. Hiyo siku moja sioni kama inabadilisha sana. Wiki tatu ndizo zinazobadilisha.

Kinachonichekesha ni kwamba Wajerumani hawahawa ndio waliotufundisha Tanga kuabudu meza. Shule yao ya serikali pale mjini, iliyoanza miaka ya 1890, ilitoa makarani, walimu na maakida wa kuendesha utawala wao, na kuanzia 1904 ikachapa gazeti la Kiongozi. Miaka hiyohiyo mkonge, ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ulikuwa unatafuna watu mashambani. Kwa hiyo njia zilionekana mbili: aliyesoma alishika kalamu, asiyesoma alishika panga la mkonge. Waingereza walipokuja hawakuifuta ramani hiyo. Shaaban Robert mwenyewe, pamoja na kipaji chote kile, riziki yake kwa miaka mingi ilikuwa ukarani wa forodha. Sisi tuliozaliwa baadaye tulitishwa kwa maneno yaleyale: usiposoma utaishia kukata mkonge. Mwalimu Nyerere alijaribu kuifumua akili hiyo kwa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Nia ilikuwa safi. Lakini shuleni kwetu, na nadhani kwenu pia, jembe lilitumika zaidi kumwadhibu mchelewaji. Mtoto akichimba shimo kwa kosa, usitegemee akue akiheshimu anayechimba kwa mshahara.

Sasa dada yangu akisikia habari za wiki tatu hudhani Ulaya kila mtoto hufunguliwa milango yote. Hapana, dada. Hapa Hamburg mtoto akimaliza darasa la nne, ana miaka kumi hivi, njia zinagawanyika: hawa shule iitwayo Gymnasium, wale shule ya mtaa. Mwaka 2010 serikali ya jiji ilitaka watoto wakae pamoja mpaka darasa la sita, ikaitishwa kura ya maoni mwezi wa Julai, na wapiga kura wakaukataa mpango huo. Sisi wageni tusio na uraia wa hapa hatukupiga kura, ingawa watoto waliokuwa wakizungumziwa wengi walikuwa wetu. Sheria inasema njia zote mbili zinaweza kumfikisha mtu chuo kikuu, na ni kweli zinaweza. Ila kuna ushauri usioandikwa. Mwalimu mmoja, katika shule aliyosoma binti yangu zamani, alimtazama mtoto wa miaka kumi na mmoja mwenye alama nzuri za hisabati akatuambia kwa upole mwingi kwamba usaidizi wa wauguzi ungemfaa, "kwa sababu nyinyi mna moyo wa kuhudumia wazee." Uuguzi ni kazi kubwa, na ndugu zetu wengi huku wanaishi kwayo. Lakini ushauri ule haukutoka kwenye daftari la mtoto.

Tanga hakuna mwalimu anayemwambia mpwa wangu kwamba jina lake halifanani na urubani. Hilo ni jambo kubwa, na anayeishi nyumbani huenda asilione. Tatizo lake ni jingine: hakuna anayempeleka akaone.

Na vya kuona vipo tele. Bandari ambayo zamani meli zilitia nanga mbali na shehena ikaletwa kwa matishali, sasa imechimbwa kina kutoka mita 3 hadi 13 na meli zinafunga gatini. Kazi hiyo iligharimu zaidi ya shilingi bilioni 429. Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta kutoka Hoima nchini Uganda, kilomita 1,443, na kuna wachomeleaji, wapimaji na wakaguzi wa aina ambazo kitabu cha fizikia hakizitaji. Pongwe kuna saruji. Mlingano watafiti wamekuwa wakihangaika na mkonge tangu miaka ya 1930. Maziwa ya Tanga Fresh yanapita kwa mtu wa maabara kabla hayajaingia kwenye pakiti. Mtoto anayejua kazi hizi ni yule ambaye baba yake yumo ndani. Wengine wanaona ukuta na lango la mlinzi.

Serikali imeanza kusogeza mambo. Sera ya elimu ya 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali sekondari, na shule za kwanza zilianza nao Januari 2024. Mwaka huohuo tahasusi za kidato cha tano zikaongezwa zikafika 65. Naunga mkono. Lakini kuongeza milango hakumsaidii sana mtoto asiyejua chumba gani kiko nyuma ya upi, na mwalimu wa ushauri nasaha mara nyingi ni mwalimu wa Kiswahili mwenye vipindi tele na rundo la madaftari. Halafu kuna sisi wazazi. Nilipoitaja amali, dada alinijia juu: "Nimemlipia tuisheni miaka yote hii, aje awe fundi? Wewe wako umempeleka duka la miwani, wangu unamtafutia tezo!"

Alisema tezo kwa sababu ndilo nililokuwa nimemtafutia. Bandarini hatuna mtu, na barua yetu ya kumwombea nafasi huko haijajibiwa. Ila ufukweni upande wa Sahare yuko mzee anayeunda mashua, aliyesoma madrasa moja na marehemu baba. Likizo ya Juni mpwa wangu alikaa kwake siku sita, nauli ya daladala nikituma mimi, na daftari nikamtungia maswali yaleyale ya binti yangu. Dada alikubali kwa sharti kwamba jioni tuisheni ipo palepale, maana Novemba kuna upimaji wa kidato cha pili.

Daftari lenyewe nimetumiwa kwa picha. Ameandika kwamba mzee hatumii mchoro. Anapima kwa kamba yenye mafundo na anatazama kwa jicho moja. Kwamba keekee inatoboa polepole lakini haipasui mbao. Kwamba pamba ya kukalafati ikilowekwa mafuta vizuri haitoki, na yeye aliishindilia vibaya sehemu mbili akaambiwa aitoe yote. Kwenye "kipi kilikuchosha" ameandika "jua", na kwenye "ungependa kujua nini zaidi" amejaza mistari mitatu: kwa nini ubao wa mbele unapinda bila kuvunjika, nani alipiga hesabu yake, na kama hesabu hiyo ndiyo ile ya meli za chuma.

Swali lake la mwisho kwa mzee hakulitoa kwangu. Alimuuliza kama wanawe wanataka kuirithi kazi hii. Mzee akamjibu kwamba mmoja ana bodaboda Dar, mwingine anasoma uhasibu, na kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza hata yeye kama aliitaka.

Dada bado anasema kijana achukue sayansi. Mimi nasema hata mwenye keekee alikuwa anauliza fizikia, kwa hiyo tusigombane hadi matokeo yatoke. Barua ya bandarini tutaiandika upya Desemba, safari hii kwa muhuri wa shule.