Daktari wa Kike na Mtoto Wake

Ndugu msomaji, sisi Waislamu wa bonde la Kilombero tuna dai moja tulipendalo sana. Mke akishikwa na uchungu, au binti akipatwa na maradhi ya siri, mume husimama mlangoni akauliza: "Hakuna daktari wa kike?" Swali hili nimelisikia hapa Mngeta, nimelisikia na Ifakara katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, wala silikatai. Sitara ni katika dini. Lakini nami nakuuliza: daktari huyo wa kike atoke wapi, ikiwa binti yetu aliyekubali kusoma tunamlazimisha achague baina ya masomo na mtoto?

Hebu tuhesabu pamoja. Binti anamaliza kidato cha 6 ana miaka 19 au 20. Shahada ya udaktari, kama inavyosomeshwa hapo Ifakara, ni miaka 5. Kisha mwaka 1 wa mazoezi hospitalini chini ya wakubwa wake. Hapo keshafika 26. Akitumika miaka 2, kisha akaitwa Muhimbili kusomea ubingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, ni miaka 3 mingine. Atatoka ana miaka 31, na hiyo ni kama hakukwama popote kwa ada wala kwa mtihani. Na miaka hiyo ndiyo miaka ya kuzaa. Uwezo wa mwanamke kushika mimba hupungua kadiri umri unavyokwenda, na baada ya miaka 35 hupungua kwa haraka zaidi. Basi mwenye kumwambia "soma kwanza, utazaa baadaye" kamwahidi kitu kisicho mkononi mwake.

Walinijia mtu na mkewe kwa mas-ala haya haya. Mume ni mwalimu wa shule, mke ni daktari, na barua ya kwenda kusomea ubingwa ilikuwa imeshafika. Mume akasema, "Sheikh, mama yangu ananiambia nimeoa cheti." Mke alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Sheikh, mimi sikukataa kuzaa. Nataka kujua tu, kungoja ni dhambi?"

Nilimjibu kuwa si dhambi, na dalili zake ni hizi. Masahaba walikuwa wakifanya azli, yaani mume kujitenga na mkewe kabla ya kumwaga, na Qur'ani ilikuwa ikiteremka. Imepokewa na Jabir katika Bukhari na Muslim, na haikushuka aya ya kuwakataza. Imam Nawawi ameiona ni makruhu, lakini hakuiharimisha. Imam Ghazali, naye ni wa madhehebu yetu ya Shafi, ameijuzisha katika Ihya na akataja sababu, miongoni mwake kumhifadhi mke na hatari ya uzazi. Katika zama za karibu, Sheikh Mahmud Shaltut, aliyekuwa Sheikhul Azhar kuanzia 1958 mpaka 1963, aliruhusu mke na mume kupanga uzazi kwa haja inayojulikana. Ama wale wanaoleta ile aya ya Suratul Israi inayokataza kuua watoto kwa kuogopa umasikini, nawaomba waisome vizuri. Aya inasema juu ya kumuua mtoto aliyekwisha kuwako. Mtoto ambaye mimba yake haijatunga hauawi.

Lakini nilimwambia na la pili, na hili ndilo watu hulisahau: kungoja si wajibu vile vile. Hakuna mwalimu wala mkubwa wa wodi mwenye haki ya kumfanya mwanafunzi aione haya mimba ya halali.

Sasa wapange vipi? Qur'ani katika Suratul Ahqaf imetaja miezi 30 ya kubeba na kuachisha ziwa, na Suratul Baqara imetaja miaka 2 kamili kwa atakaye kutimiza kunyonyesha. Masomo ya ubingwa ni miezi 36. Kwa hiyo mtoto akija katikati yake atagusa kila kitu: zamu za usiku, mitihani, na utafiti wa mwaka wa mwisho. Wakiona wazae kabla, au katikati, au baada, ni shauri lao wawili, maana aya ile ile ya Baqara imelifanya jambo la kuachisha ziwa liwe la kuridhiana na kushauriana. Mke asimeze vidonge kwa siri, na mume asimtegee mkewe mimba ili avunje masomo. Hayo yote mawili ni hiyana.

Na njia ziulizwe kwa wenye kuzijua. Ile sindano ya miezi 3 huweza kuchelewesha mimba miezi mingi baada ya kuiacha, hali kitanzi na vijiti hutolewa na uwezo ukarudi upesi. Mwenye kupanga kwa kalenda ya chuo lazima aijue tofauti hiyo. Anayekusudia mimba aanze kumeza asidi ya foliki, maikrogramu 400 kila siku, kabla mimba haijatunga. Kazini ajitenge na mionzi ya eksirei. Akija likizo huku kwetu kwenye mpunga na mbu ana mimba, asilale bila chandarua hata usiku mmoja.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akizaa pacha. Inamwondoa katika kazi ya usiku miezi 2 kabla ya kujifungua, na inampa mpaka saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Haya ni ya mwajiriwa. Mwanafunzi asiye na mwajiri hana ngao hiyo, hutegemea kanuni za chuo chake za kuahirisha masomo. Azisome mapema, asingoje tumbo lionekane.

Baba naye sheria hiyo imempa siku 3. Siku 3, ndugu msomaji! Basi yaliyobaki ni yetu sisi jamaa. Wanavyuoni wamehesabu elimu ya tiba kuwa ni fardhi kifaya. Asipopatikana wa kuisimamia, mji mzima una dhambi. Kwa harusi tunaunda kamati, tunachangishana, tunapika mapilau. Kwa binti anayenyonyesha Dar es Salaam huku anasomea kuwazalisha wake zetu, sijaona hata kamati moja.

Wale wawili waliafikiana wazae kwanza, na mke akaomba nafasi yake isogezwe mwaka. Niliwauliza mtoto atashikwa na nani mama akiwa zamu ya usiku. Wakatazamana. Mume akasema atakwenda kuzungumza na mama yake, yule aliyesema habari ya cheti, kama atakubali kupanda treni akakae nao Dar es Salaam. Nikamwambia asiende peke yake, aende na mkewe, na wasiende mikono mitupu.