Mtoto si balozi wa ugomvi wetu

“Mwambie baba yako dawa za presha za bibi zimebaki za siku mbili.”

Ujumbe huo nilimpa binti wa kaka yangu, wakati huo akiwa na miaka tisa. Mimi na kaka tulikuwa hatuzungumzi tangu tulipogombana kuhusu gharama za matibabu ya mama. Mtoto ndiye aliyebeba maneno yetu, huku na kule.

Likizo moja nilikwenda naye Zanzibar, tukaingia Makumbusho ya Kasri, Mji Mkongwe. Sehemu ya chini ilikuwa inaeleza mikataba ya biashara ya enzi za Sultani Seyyid Said: Marekani 1833, Uingereza 1839, Ufaransa 1844. Mtoto alipita haraka. Alikuja kusimama kwenye chumba cha Salme, binti wa Sultani huyo, aliyezaliwa mwaka huohuo wa 1844.

Nikamsimulia. Mwaka 1859 kaka zake, Majid na Barghash, waligombea kiti cha baba yao. Salme, msichana wa miaka kama 15 aliyejifundisha kuandika mwenyewe, akawa mwandishi wa barua wa upande wa Barghash. Njama ikashindwa. Baadaye alipatana na Majid, kisha akaolewa na Mjerumani na kuhamia Hamburg. Aliporudi mwaka 1885, akiletwa na Wajerumani waliokuwa wakiitaka pwani yetu, Barghash ndiye alikuwa Sultani. Alikataa kuonana naye.

“Shangazi, si ndiye aliyemwandikia barua?”

“Ndiye.”

Akanyamaza. Kisha akaniambia ile siku ya dawa alisahau, akaogopa kusema.

Mama alikuwa amekaa siku nne bila dawa. Lawama zote nilimtupia kaka. Mimi, ninayeandika kwenye gazeti kwamba dawa za presha hazikatishwi, nilikuwa nimeyaweka maisha ya mama yangu kwenye kumbukumbu ya mtoto wa darasa la tatu.

Nchi hutuma mabalozi watu wazima, wenye mafunzo na mshahara. Sisi nyumbani tunamtuma mtoto, akikosea tunamgombeza.

Jioni ile nilimpigia kaka. Tulizungumza dakika chache tu, na suala la fedha hatujalimaliza hadi leo. Lakini habari za dawa tunaambiana wenyewe.

Mzazi mwenzangu, kama una neno na ndugu yako, au na mwenzako mliyeachana, mpigie wewe. Mwache mtoto acheze.