Mstari wa 23

Katika C++, programu haiambiwi kwamba faili limekwisha mpaka ijaribu kusoma ikagonga mwisho. Wanaoanza kujifunza programu wengi hufundishwa kinyume: uliza kwanza kama mwisho umefika, kisha usome.

Binamu yangu alifundishwa hivyo katika mwaka wake wa kwanza wa stashahada. Mama yake, shangazi yangu, ni mweka hazina wa kikundi cha kuzikana huko Izimbya. Michango mingi huingia watu wakishauza kahawa, na daftari lake lilikuwa limechakaa. Binamu akalichapa lote katika faili la maandishi, kila mstari jina moja na kiasi. Watu 41. Akaandika programu kwa C++: isome jina, isome kiasi, ijumlishe, irudie maadamu eof() haijasema ndiyo.

Programu haikukoma. Skrini ilijaa jina moja na sifuri, jina moja na sifuri, huku chaji tuliyoipata kwa sola ikishuka. Lilikuwa jina la mzee jirani tuliyemzika mwezi uliotangulia. Mahali pa kiasi Shangazi alikuwa ameandika "marehemu", na binamu akanakili kama alivyokuta.

Shangazi alitazama kwa muda. "Mbona inamwita hivyo?"

Programu ilitarajia namba, ikakutana na neno. Hapo C++ haipigi kelele. Huweka alama kwamba usomaji umeshindikana, kiasi huwa sifuri, na kila agizo la kusoma linalofuata halifanyi kitu. Jina la mwisho hubaki palepale. Kwa kuwa mwisho wa faili haufikiwi, eof() huendelea kujibu hapana, na jibu hilo ni la kweli.

Dawa inayojulikana ni kuufanya usomaji wenyewe uwe sharti la mzunguko: while (faili >> jina >> kiasi). Kusoma kukishindikana, toka. Binamu alibadilisha mstari huo mmoja, programu ikatoa jumla mara moja. "Kaka, imekoma!"

Ilikuwa imekoma kwenye mstari wa 23, wa yule mzee. Watu 18 walioandikwa chini yake hawakusomwa kabisa, na jumla haikuonyesha dalili yoyote ya upungufu. Mzunguko usiokoma angalau unakushtua. Huu ulikuwa umenyamaza, na orodha yake ingeweza kusomwa kikaoni. Kijijini kwetu jina likikosekana kwenye orodha ya kuzikana, hugundulika siku mwenyewe amefiwa.

Kwa hiyo kukoma si kumaliza. Mzunguko ukikoma, uulize umekoma kwa nini: faili limekwisha, au kuna kitu umeshindwa kukisoma? Hapo ndipo eof() ina kazi, baada ya kusoma, si kabla. Kwa daftari la Shangazi tulitumia getline. Tulichukua mstari mzima kama maandishi, kisha tukaupima. Penye namba, jumlisha. Penye neno, andika jina kando, uendelee na mstari unaofuata.

Njia rahisi zaidi ilikuwa kumfuta mzee kwenye faili. Shangazi alikataa. "Huyu alichanga miaka yote," alisema.

Sasa programu ikifika kwake huandika jina lake mara moja, kisha husoma mstari wa 24.