Huku Maziwa Mabichi ni Kama Gongo

Ndugu zangu wa Gongo la Mboto,

Juzi mdogo wangu kanitumia sauti ya WhatsApp: watoto wake siku hizi hawachemshiwi maziwa, maana kaona kwenye simu Wazungu wakisema moto unaua dawa. Hasira zikanipanda, na kicheko juu.

Hapa Scotland maziwa mabichi ni kama gongo (wenye mtaa msinune): ni marufuku kuyauza tangu 1983. Hamu ya mtindi iliponizidi nilivuka mpaka hadi England, upande wa Carlisle. Kule yanaruhusiwa, ila si dukani. Anayeuza ni mfugaji mwenyewe, shambani kwake au kwenye meza yake gulioni, ama anakuletea mlangoni. Ng'ombe lazima wathibitishwe hawana kifua kikuu wala brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba. Shamba linakaguliwa, na chupa ina onyo kwamba maziwa hayajapashwa moto, huenda yana vijidudu vya kudhuru. Nilipomwambia mama aliyeniuzia kuwa nakwenda kuyachemsha, alinitazama kama nimemtukania ng'ombe.

Sasa mdogo wangu, Mzungu wako anamjua ng'ombe wake. Wewe unamjua bodaboda anayekuletea maziwa. Lile dumu lake jana lilikuwa la mafuta ya kula, mdomo umezibwa kwa mfuko wa nailoni. Maziwa ni ya Pugu au ya Kisarawe, kachanganya ya nani na nani, hata yeye hajui. Na yale maji unayolalamika kila siku kwamba kaongeza, yametekwa wapi? Mzungu anapima ndipo anywe. Wewe umeiga kunywa, kupima umemwachia Mungu.

Nunua kwa mtu mmoja, nawe umfuate hadi bandani uone kama wanaosha mikono kabla ya kukamua. Muulize kama kajisajili Bodi ya Maziwa, akicheka, umeshajibiwa. Dai chombo cha chuma, maana dumu la plastiki halisuguliki ndani. Maziwa yakipanda usizime hapohapo, punguza moto ukoroge dakika chache. Mtindi je? Yakiwa vuguvugu tia kijiko cha mtindi wa jana, funika, lala.

Shemeji, ile sufuria kubwa niliyowaachia mnafugia nini siku hizi? Irudishe jikoni leo, kabla watoto hawajatoka shule.