Besdei ya uani, chini ya Uluguru

Jumamosi asubuhi mjini Morogoro wingu huwa bado limefunika kilele cha Bondwa na minara yake, lakini akina mama wa mlimani wameshateremka. Wengine wameondoka vijijini kabla ya alfajiri, matenga ya ndizi na mboga kichwani, na wanashuka kwa miguu njia ambayo mgeni wa mjini angeishuka kwa kukaa. Mzigo mwingine unafika Soko Kuu la Chifu Kingalu, mwingine unanunuliwa njiani kabla haujatuliwa. Wenyeji wanauita mji wao "mji kasoro bahari", kwa maana ya kwamba kila kitu kipo isipokuwa bahari. Mwenye jambo lake hapa hahangaiki sana kutafuta cha kuweka mezani.

Mama mmoja wa Mji Mpya alilitambua hilo Julai, mtoto wake wa kike alipotimiza miaka 7. Mwaka uliotangulia hakuwa ameliona.

Mwaka huo wa nyuma sherehe ilikuwa ukumbini. Kulikuwa na keki ya ghorofa tatu, maputo ya rangi mbili tu kama harusi, mpiga picha, na mshereheshaji aliyezoea kusherehesha watu wazima. Fedha zilikopwa kwenye kikoba. Januari ilipoingia na sare, viatu na madaftari yake, marejesho yalikuwa bado hayajaisha, na baba wa mtoto, ambaye ni fundi seremala, alikuwa ameuza mbao alizoziweka kwa kazi ya mteja. Hayo mama huyo anayasimulia akicheka. Mikopo ni mambo ya kawaida, anasema, inalipika.

Asilolicheka ni la uani. Nyumba wanayoishi ni ya kupanga, vyumba sita vinavyotazamana, uwanja wa udongo katikati na mwembe mmoja. Watoto watano wa vyumba vingine ndio anaocheza nao binti yake kila siku. Ukumbini walifika wawili. Wengine watatu, ndugu wa tumbo moja, hawakuonekana, na mama yao hakutoa udhuru. Mwenye sherehe alijua moja kwa moja kuwa ni kijicho. Alinuna wiki mbili, salamu zikawa za mdomo tu, mpaka siku walipokutana bombani na jirani akaona bora aseme.

"Dada, kadi yako ilikuwa nzuri na niliipokea kwa heshima. Ila mimi ninao watatu. Zawadi tatu, nguo tatu za kutokea, halafu usiku tule nini? Au niwalete mikono mitupu, yule mshereheshaji awaite kwa majina mbele ya kamera?"

Mshereheshaji kweli alikuwa anawaita kwa majina. Kila familia ilipita mbele na boksi lake, muziki ukipigwa, na aliyekuwa na bahasha nyembamba alionekana na ukumbi mzima. Wazazi wengi hupiga hesabu ya keki, viti na soda, wakamaliza. Hesabu ya mama aliyepewa kadi hawaipigi, na huyo hakuulizwa kama anamudu. Akishindwa, anayebaki nyumbani akisikiliza muziki wa mbali ni mtoto, ambaye kosa lake halipo.

Kwa hiyo safari hii hapakuwa na kadi. Mama alipita mlango kwa mlango Alhamisi jioni na kusema maneno yale yale: waje wote Jumamosi saa 9 alasiri, waje na nguo wanazochezea, wasilete kitu chochote, na saa 12 jioni kila mtu amchukue wake. Hilo la muda lina maana. Sherehe ya watoto isiyo na saa ya kuisha hugeuka ya watu wazima gizani, na watoto wakalala kwenye viti na viatu vyao. Zipo pia nyumba za mtaani ambazo kwa imani yao hazisherehekei siku ya kuzaliwa. Hao nao waliambiwa kwamba mtoto anaweza kuja kucheza tu, bila kuimba wala kukata keki, na mmoja alikuja hivyo.

Upinzani ulitoka Dar es Salaam. Shangazi wa mtoto alifika Ijumaa kwa treni ya umeme, ambayo tangu ianze kubeba abiria Juni 2024 imewafanya mashangazi wa Dar kuwa karibu mno, maana safari haifiki saa mbili. Alikuwa na picha ya keki kwenye simu.

"Wifi, hata ghorofa mbili? Watu watasema kaka yangu kafilisika."

"Wifi yangu, mwaka jana walisema nini?"

"Walisema ilipendeza."

"Na deni wakatusaidia kulipa?"

Shangazi alinyamaza kidogo, kisha akasema atatoa yeye fedha ya keki. Hapo ndipo bibi mzaa mama, aliyekuwa kimya pembeni akimenya karanga, alipoingilia. Bibi alikuwa ameshuka siku hiyo hiyo kutoka Matombo, upande wa mashariki wa milima, kwa gari linalopita Mkuyuni na Bigwa, na mkungu wa ndizi, machenza nusu gunia, na magome ya mdalasini yaliyofungwa kwenye kanga. Kwa Waluguru mtoto huhesabiwa ukoo wa mama yake, hivyo neno la bibi huyu katika jambo la mjukuu si la kupuuzwa. Alisema tu, "Ndizi zangu zitaliwa na nani?" Mjadala wa keki ukaishia hapo.

Keki ilipikwa uani Jumamosi asubuhi, watoto wakitazama, na pengine hiyo ndiyo ilikuwa nusu ya sherehe. Unga nusu kilo, sukari robo kilo, mayai 4, mafuta ya kupikia, beking pauda, ndizi mbivu nne zilizopondwa, na mdalasini wa bibi uliotwangwa kwenye kinu kidogo. Sufuria kubwa iliwekwa mchanga mkavu chini, ndani yake ikakaa sufuria ndogo iliyopakwa mafuta na kumiminiwa ule mchanganyiko. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Anayeweka moto mkali chini huunguza kitako na katikati kukabaki uji, kosa ambalo karibu kila mpishi wa keki ya mkaa amelifanya mara moja. Baada ya dakika 50 hivi kijiti kilichochomekwa kikatoka kikavu. Ilipasuka juu kidogo. Binti mwenyewe alifunika ufa kwa karanga zilizosagwa na kupanga vipande vya ndizi vikafanya namba 7, iliyoelekea kushoto.

Pembeni kulikuwa na machenza, bisi, ubuyu, na juisi ya ukwaju ndani ya ndoo yenye mfuniko. Soda hazikununuliwa. Mapambo yalikuwa majani ya migomba na maputo kumi, ambayo hayakufika saa 10.

Saa 9 walikuja watoto 14, na wale watatu wa chumba cha pili ndio waliotangulia kwa kuwa walikuwepo tangu keki ipo jikoni. Wasichana walicheza rede mpaka vumbi likapanda, wavulana wakachukua kona yao na chandimu, kisha wote wakaungana kwenye kombolela na kujificha hadi chini ya kitanda cha baba mwenye nyumba. Shangazi, aliyekuja na viatu virefu, saa 10 alikuwa pekupeku akiruka kamba na kuhesabiwa.

Wakati wa keki bibi aliombwa aseme umri wake, maana watoto walikuwa wakitajiana miaka. Akasema amezaliwa mwaka wa matuta. Hakuna aliyeelewa, hata shangazi, ikabidi aeleze.

Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwalazimisha watu wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye mashamba ya milimani, ikisema ni kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kazi ilikuwa nzito, na wakulima waliona udongo mzuri ukifukiwa na ule mbaya ukija juu. Julai 1955 wakakataa. Matombo kulizuka ghasia, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mpango ule ukaachwa. Mama yake bibi alikuwa akimsimulia kwamba siku ile yeye alikuwa mgongoni, mchanga bado. Tarehe hakuna aliyeiandika. Iliyopo kwenye kitambulisho chake ni ya kukadiria.

"Kwa hiyo bibi hujawahi kukatiwa keki?" aliuliza mjukuu.

"Nilikuwa nakatiwa kuni."

Watoto walikaa wakahesabu kwa vidole na kukosana, mpaka mmoja wa darasa la tano akaamua kwamba kama Julai ya 1955 alikuwa mchanga, basi siku yake ipo hapo hapo karibu, na ile ya leo itamfaa. Wimbo ukaimbwa mara ya pili, jina likabadilishwa. Kipande cha kwanza chenye mguu wa ile namba 7 kilienda kwa bibi, aliyekila polepole akisema mdalasini umezidi, ingawa ni yeye aliyeutwanga.

Kilichobaki ni maji, kwa kuwa Morogoro, kama kwingine nchini, aliyezaliwa haachwi mkavu. Julai maji ya mji huu ni baridi kweli kweli. Binti alimwagiwa ndoo nzima akikimbia kuzunguka mwembe. Bibi walimsogelea na kopo, akanyoosha mikono tu, wakammwagia viganjani. Shangazi naye alipata lake mgongoni bila kutarajia, akapiga kelele kwamba haya si maji ni barafu. Aliambiwa asilalamike, hata ya bomba lake la Dar yanatoka mlima huo huo kupitia Mto Ruvu.

Saa 12 na robo uwanja ulikuwa umefagiliwa. Jirani wa bombani alirudisha sahani zikiwa zimeoshwa, akasimama mlangoni kama mwenye neno. Alikuwa ameangalia kadi ya kliniki ya mtoto wake wa pili, akaona ni Oktoba tarehe 4. Alitaka kujua kama siku hiyo anaweza kuazima ile sufuria kubwa, pamoja na mchanga wake.